Swichi ya Jikoni kwa Kitsao

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa. Hapana, nimekosea, kumi na tisa mimi nilikuwa bado Shimoni kwa mwanangu. Ilikuwa ishirini na mbili, maana Kitsao alikuwa amekwisha kustaafu na mvi zimemfika kwenye nyusi.

Kitsao wa Msambweni alifanya kazi ya reli ujana wake wote, kule Mariakani, kuvuta ule mkono wa chuma unaoitoa treni njia hii na kuitia njia ile. Hakuwahi kuendesha treni. Hata kupanda, aliniambia, alipanda siku ya kwenda kuanza kazi na siku ya kurudi nyumbani.

Sasa Mzungu mmoja wa Diani alipokuwa akihama akampa treni ya kuchezea, kichwa na mabehewa yake, na reli gunia zima. Mwingine angewapa wajukuu. Yeye alitundika mbao ukutani sebuleni, akatoboa ukuta kwa tindo, akaifikisha reli jikoni kwa mkewe, Virginia, ambaye yeye humwita Mama Kadzo. Treni ikawa inampelekea chumvi, kiberiti, na vitunguu, kimoja kimoja.

Lakini kabla ya tundu njia iligawanyika: moja jikoni, moja inazunguka kurudi sebuleni. Pale Kitsao alifunga mota ndogo, moja ya zile za kufungia milango ya gari, aliyoipata kwa mafundi wa Ukunda. Ina nyaya mbili. Umeme ukiingia huku inausukuma ulimi wa reli, kile kipande kinachogeuza njia, ukiingia kule inauvuta. Swichi yake akaiweka jikoni, juu ya meza ya Virginia, kwa kuwa alisema stesheni inayopokea ndiyo inayofungua njia.

"Mama Kadzo, bonyeza uachie. Ukishikilia, mota inaungua."

"Nimesikia, bwana stesheni."

Alibonyeza akaachia miezi mingi. Kisha siku moja alikuwa akiipua wali wa nazi, sufuria akaitua juu ya swichi. Sisi tuliokuwa sebuleni tulisikia harufu tukadhani ni ukoko.

Kitsao aliifungua mota, nyeusi tititi. Akasema kwa upole kwamba atatafuta nyingine, na swichi ataileta upande wake.

"Ihamishe," akasema Virginia. "Ukiihamisha, na mimi nimehama."

"Mama Kadzo, ni swichi tu."

"Ni swichi, ndiyo. Niambie nyumba hii ina kitu gani kingine kinachongoja mpaka mimi niseme ndiyo."

Kitsao alifikiri sana. Alikuwa bado anafikiri Virginia alipopanda Kwale kwa dada yake Kahaso, kumsaidia kuvuna. Kahaso hana shamba.

Nilipopita tena, mota mpya ilikuwa mahali pake. Nyaya zake mbili zilining'inia, ncha zimemenywa, hazijaungwa popote.

"Funga swichi hapa sebuleni uendeshe," nikamwambia. "Jikoni hakuna mtu."

"Mzee Kavumbi, Mariakani sikugusa mkono wa mwenzangu hata siku moja."

"Mwenzako wa Mariakani alikuwa akikupikia?"

Akachukua kitambaa akaanza kupangusa reli.

"Basi mpigie simu."

"Nimempigia. Nimemwuliza pilipili ziko wapi."

"Akasemaje?"

"Ziko pale pale."

Kisha akainuka, akazipitisha nyaya kwenye tundu, akaiunga swichi palepale juu ya meza ya Virginia, akaigongomelea kijisanduku cha mbao chenye nafasi ya kidole tu, sufuria isije ikaikalia.

Mimi nilikuwa na safari ya Kwale, basi nikampelekea Virginia habari mimi mwenyewe.

"Umeiona kwa macho yako?" akaniuliza Virginia.

"Nimeiona."

"Na nyaya zimefika?"

"Zimefika."

Alirudi Jumamosi, akaingia kwa mlango wa uani bila ya kutusalimu. Treni ilikuwa imesimama mbele ya tundu. Tukasikia swichi ikilia, ulimi ukasogea, na treni ikaingia jikoni na behewa la chumvi. Kitsao akajifuta uso kwa shati, ingawa hapakuwa na joto.

Tulikula pamoja, samaki wa kupaka. Hapo ndipo nilipowauliza, na mpaka leo hajanijibu mume wala mke: hivi, Virginia mwanangu, ungeikuta swichi imehamia sebuleni, ungegeuka kweli urudi Kwale?