Gari Tuliloazimwa

Mguu wangu aliukata mume wa mdogo wangu. Daktari alishika kisu tu.

Gari lilikuwa lake. Alituazima mwenyewe, asubuhi, mlangoni kwake Gongoni, Tabora, funguo akampa mume wangu mkononi, tukamwone mama mkwe wangu Lusu. Hatujafika Nzega tairi la mbele likapasuka. Lilikuwa kipara kabisa. Mume wangu alifia palepale kwenye usukani. Mimi nikatolewa na mguu umesagika.

Hospitali walisema mguu utapona nikipasuliwa upesi Mwanza. Pesa sikuwa nazo, ila gari lilikuwa na bima, basi nikangoja bima.

Mtu wa bima alinifuata msibani Lusu siku ya kuanua matanga, aandike maelezo yangu. Nilikuwa nimelazwa mkekani na plasta yangu. Akatokea mtani wetu, Mgogo. Utani wetu na Wagogo ni wa tangu wapagazi wakipita kwao na mizigo, na msibani ndiyo hawana adabu kabisa, ni haki yao. Kavaa koti la marehemu, kashika ungo kama usukani.

"Pisheni! Gari la wizi hili! Shemeji kalala, mimi huyoo! Nyie Wanyamwezi mlizoea kubeba kichwani, nani kawaambia muendeshe?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu ajali. Mtu wa bima alicheka pia, huku anaandika.

Barua ikanikuta nimesharudi Tabora. Gari lilichukuliwa bila ruhusa ya mwenyewe, kwa hiyo hawalipi. Limesemwa hadharani msibani, na mjane hakupinga. Na aliyeandika kazaliwa nchi hii hii, utani anaujua vizuri tu.

Mtani aliposikia alipanda basi hadi ofisini kwao Tabora, akaapa kwamba alikuwa anatania. Wakamjibu, sawa, mwenye gari aje aseme aliwaazima.

Nikapakiwa kwenye bajaji hadi dukani kwake.

"Shemeji, sema ulitupa funguo."

"Dada, nikisema hivyo trafiki wataniuliza lile tairi. Nitafungwa."

"Kwa hiyo mume wangu ni mwizi?"

"Yeye hawezi kufungwa tena, dada. Mimi naweza."

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya meza, anapima sukari. Siku ile alisimama mlangoni, aliziona funguo zikitolewa. Nikamwangalia. Akaendelea kupima.

Mguu ukaoza, ukakatwa juu ya goti.

Watu wananiambia nisamehe, ni damu yangu, tena huyo mdogo wangu nimembeba mgongoni mimi. Wao hawakuwepo pale dukani. Mwezi uliopita alinitumia magongo mapya, mazuri, yana mpira chini. Haya yangu yamepinda, yananichubua makwapa. Nilimwambia yule wa bodaboda asizime hata pikipiki, ayarudishe alikoyatoa.