Kidonge Chini ya Ulimi

Kazi yangu katika kliniki ile ya Gaithersburg, Marekani, ilikuwa kupiga simu. Miaka hiyo kidonge cha kuwatibu walionaswa na dawa za maumivu kilikuwa bado kigeni. Daktari alikiandika, mgonjwa akarudi nyumbani, nami nesi nikamfuatilia kwa simu kila asubuhi. Mkenya mmoja wa Manassas nilipewa kwa sababu ya Kiswahili. Aliumia mgongo akishusha mizigo ghalani, akaandikiwa dawa za maumivu. Mgongo ukapona, dawa zikakataa kumwachia.

"Sista, hii dawa yenu haifanyi kazi," aliniambia wiki ya kwanza. Jasho, tumbo, usingizi hapati.

"Unaiweka chini ya ulimi mpaka iyeyuke?"

"Naiweka."

Wiki ya pili yaleyale. Daktari akaanza kuwaza kuongeza dozi. Nikamwambia mgonjwa anieleze asubuhi yake, hatua kwa hatua.

"Mama watoto ananiletea chai, naimeza nayo."

"Unaimeza!"

"Sasa sista, nitakaa aje dakika kumi bila kuongea na yeye ananiangalia? Anajua ni ya presha."

Nilitamani kuibamiza simu ukutani. Wiki mbili naandika jasho lake kwenye faili, kumbe dawa inaishia tumboni, ambako haimsaidii. Nikamsihi amwambie mkewe. Akasema kesho.

Hiyo kesho simu ilipokewa na mke.

"Wewe ndiye unapigia mzee wangu kila asubuhi? Unataka nini?"

Siri ya mgonjwa haikuwa yangu kuitoa. Nikasema ni mambo ya kazi. "Kazi gani?" Nikaishikilia simu, mtu mzima na sare yangu, natukanwa kwa ajili ya mwanaume anayeogopa kikombe cha chai.

"Muulize yeye, mama," nikasema, nikakata.

Mumewe nilimpata mchana. Sikumsalimia. "Mwambie leo. La sivyo mimi sipigi tena." Sikuwa na mamlaka ya kusema hivyo, na daktari angesikia ningekiona.

Alimwambia. Asubuhi iliyofuata mke alipokea tena, sauti kavu.

"Nimeangalia ulimi wake. Kidonge kiko. Piga baadaye, saa hii hawezi kuongea."

Radhi hakuomba. Baada ya siku nne jasho likakata, na bwana akapata usingizi.

"Lakini sista, ni chungu sana," akalalamika.

"Ndiyo, ni chungu," nikamjibu, nikampigia mgonjwa aliyefuata, ambaye kama kawaida yake hakupokea.