Nimetafuta chumba, nimepewa jembe

Leo nimekwenda kuangalia chumba Katubuka, nimerudi na udongo wa makaburini kwenye viatu.

Mama mwenye nyumba hata mlango wa chumba hakunifungulia. "Baba, kuna msiba hapa jirani. Chukua hilo jembe, wenzako wameshatangulia."

Nikadhani ananitania.

Makaburini nimewakuta Waha, Wamanyema wa Ujiji na Mrundi mmoja mwenye nguvu za ajabu. Wa msikitini na wa kanisani wanapokezana kuchimba.

Nikauliza marehemu ni ndugu wa nani.

"Hapa hana ndugu," Mrundi akajibu. "Fundi viatu, alitoka Tanga. Na wewe je?"

"Masasi. Nabeba mizigo bandarini."

"Mbali hivyo! Basi chimba vizuri, bwana. Siku yako tutachimba sisi."

Wakacheka wote. Mimi nilichelewa kidogo kucheka.

Chumba nimekiona baadaye. Kidogo, bati linavuja, na kazini ni mbali. Juzi nilionyeshwa kizuri zaidi mtaa mwingine, ila nilisalimia baraza tatu, hakuna aliyeitikia.

Nahamia Katubuka Jumamosi.

Niambieni na nyie: mtaani kwenu, mgeni asiye na ndugu akifa, nani anamzika?