Utosi wa Kofia

Nyumba yetu ya mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na mwanga wa kutosha ulipatikana mahali pamoja tu, karibu na mlango. Hapo ndipo mama alipoweka kiti chake. Upande mmoja wa kiti palikuwa na pipa la maji na upande wa pili jiko la mafuta ya taa, kwa hivyo mtu aliyetaka kumtazama akifuma hakuwa na njia ila kukaa kitandani na kuelekeana naye. Mimi ndiye niliyekaa pale.

Hakunifundisha. Alirudi kutoka kiwanda cha blanketi na vumbi la pamba kwenye nyusi, akanywa chai, akachukua kofia au skafu aliyokuwa ameianza, na ukimwuliza jambo alisema, "Tazama," halafu akaendelea. Nikatazama. Mkono wake wa kulia, ulioshika kulabu, ulikuwa mbele ya mkono wangu wa kushoto, nami nikashika kulabu yangu kwa kushoto. Ninaandika kwa kulia na kula kwa kulia. Kufuma tu ndiko ninakofanya kwa kushoto, kwa sababu nilijifunza kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kulabu yenyewe nilichongewa na mzee wa vinyago wa mlango wa pili, mtu wa Ukambani, kwa kipande cha mti kilichobaki alipochonga twiga. Aliponipa aliuliza kama nilikuwa naenda kuvua samaki pale Nairobi River, na kama ni hivyo nimletee viatu maana ndivyo vilivyokuwa vinaogelea humo.

Siku mama alipoona kwamba mizunguko yangu inaenda kinyume na yake, alicheka. "Mimi naenda kazini," alisema, "wewe unarudi nyumbani. Tutapishana njiani."

Nieleze hapa jinsi nilivyo, maana bila hilo yaliyobaki hayataeleweka. Mimi ni mtu wa kufumua. Mshono mmoja ukilegea kuliko wenzake siwezi kulala. Nitauona hata nikiwa nimefumba macho. Nafumua mzunguko, halafu mzunguko ulio chini yake, kwa sababu huenda kosa lilianzia huko. Uzi wetu ulitoka kwenye sweta kuukuu za soko la Gikomba, tulizozifumua, tukaufua na kuutundika na jiwe ili unyooke, kwa hivyo ulifika mikononi mwangu ukiwa tayari umeishi maisha yake. Mimi nikauchosha tena mpaka ukatoka manyoya. Mdogo wangu alikuwa akisema, "Huyu ukimpa ugali ataufumua." Nilicheka na wengine, lakini lilinichoma. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na hakuna shule iliyoniita, na nilikuwa nimeshika kichwani kwamba kuna mahali katika ule mtihani nilipolegeza mshono, na kama ningerudi taratibu ningepaona.

Kitu kimoja katika kazi ya mama kilinisumbua. Kofia huanzia utosini, kwa mviringo mdogo wenye tundu katikati. Watu wengi huliziba tundu hilo kwa kuvuta uzi tu. Mama hakuuamini uzi. Alichukua sindano akalishona mara kadhaa, akakaza, akafunga, ndipo akaendelea na mizunguko, na kila kofia yake ikabaki na kiuvimbe juu, kama chunusi.

"Mama, hicho kinaonekana," nilimwambia mara nyingi.

"Nani atapanda juu ya kichwa cha mtu akione?"

"Mtu mrefu."

"Huyo mrefu mwambie baridi huingilia utosini. Akishonewa yangu hatakohoa."

Mdogo wangu alipofanya mtihani wake alifaulu, akaitwa shule ya bweni huko Kinangop, mahali pa baridi kali. Ilikuwa Januari, jua lilikuwa linachoma mabati, na mama akaanza kumfumia kofia nzito ya sufu, rangi ya damu ya mzee, ili ifanane na sweta ya shule. Ilichekesha kidogo kumwona akitokwa na jasho juu ya kofia ya baridi. Alifuma kwa haraka kuliko kawaida yake. Mizunguko ikashuka kutoka utosini, ikapita paji la uso, ikakaribia masikio. Asubuhi moja aliiweka juu ya kiti kulabu ikiwa ndani ya kitanzi, akafunga kitambaa kichwani, akatoka kwenda kazini. Siku hiyo mashine ya kiwanda ilimkamata mkono wa kulia.

Baba alikuwa dereva wa lori, na habari zilimfikia akiwa njiani kutoka Mombasa. Yeye ndiye aliyemleta kutoka hospitali, na bandeji ilikuwa imefika kwenye kiwiko. Vidole viwili havikuwepo. Vingine vilikuwepo lakini havikujikunja. Daktari alimwambia baba, na baba akatuambia tukiwa nje karibu na mfereji, kwamba mkono ule hautashika kitu tena. Kisha akaondoka na lori, kwa maana sasa ilikuwa lazima aondoke.

Kofia ilibaki juu ya kiti. Hatukukubaliana tuiache, hakuna aliyeigusa tu. Tulikula kitandani wote watatu, na kiti kikakaa pale karibu na mlango, penye mwanga, kama kinamngoja mwenyewe. Hatimaye mke wa yule mzee wa vinyago alikuja kumpa mama pole, akatafuta mahali pa kukaa, akaiokota.

"Dada, na hii itamaliziwa na nani?"

Mama hakuitazama. Alininyoshea midomo. "Huyo hapo."

Kwa hivyo nikahamia kwenye kiti, na mama akawa kitandani, mahali pangu pa zamani. Nilishika kulabu kwa kushoto. Uliokuwa mbele ya mkono wangu ulikuwa ule wake wa kulia, uliolala juu ya mto ukiwa umefungwa.

Nilifuma mzunguko mmoja nikajua. Mishono ya mama ilikuwa imelala upande mmoja, yote, kama majani yaliyopigwa na upepo. Yangu ililala upande wa pili. Pale tulipokutana palikuwa na mstari unaozunguka kofia nzima. Nikafumua mzunguko wangu. Nikageuza kofia ndani nje nikajaribu hivyo. Mstari ukawa mnene zaidi. Nikajaribu kwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia ulikuwa mjinga kabisa, ulishika kulabu kama mtoto anavyoshika kijiko. Nikafumua. Nilifanya hivyo siku baada ya siku, huku shule ya mdogo wangu ikikaribia kufunguliwa na sanduku lake la bati likiwa tayari limepakwa rangi.

Nilijua dawa yake. Mtu yeyote anayefuma angeijua: fumua kofia nzima mpaka mwanzo, mtu mmoja aifume yote. Wakati mwingine wowote ningefanya hivyo bila kufikiri. Lakini mizunguko ile ilikuwa kazi ya mwisho ya mkono ule. Mama hakuwa amebakiza nyingine. Kofia na skafu alizowahi kufuma zilikuwa vichwani na shingoni mwa watu, kina mama wa kanisa na watoto wa watoto wao, na nyumbani mwetu hatukuwa hata na moja, kwa sababu ya kwetu ilikuwa ndiyo hii. Nilikuwa nahesabu mishono yake kwa kidole kama mtu anayesali. Niliogopa mstari, na niliogopa zaidi kitu kitakachouondoa.

Mama alikuwa ananitazama muda wote huo. Mchana mmoja alisema, "Lete."

Nikampa. Akaiweka juu ya goti, akaupitisha mkono wa kushoto juu ya mstari.

"Inaonekana."

"Nitairekebisha, Mama."

"Hairekebishiki. Fumua yote uanze yako."

"Sitaki."

Alininyanyulia macho. "Wewe? Wewe ndiye hutaki kufumua?"

Mdogo wangu alikuwa anapanga vitu kwenye sanduku. "Aki mathe, iache tu. Iko fiti. Huko watu watakuwa wanalia baridi, nani ataangalia kofia?"

"Wataangalia," mama alisema. "Watasema kofia ya huyu ilifumwa na watu wawili waliogombana."

Mdogo wangu alicheka. Mimi sikuweza. Nilisema, kwa sauti ambayo sikuipenda, kwamba ile ni kazi yake, kwamba ni nzuri, kwamba siwezi kuiharibu.

Mama aliigeuza kofia juu ya goti. "Najua ni yangu," alisema. "Kila nikiitazama naona pale niliposimama. Sitaki mtoto atembee na hilo kichwani."

Akachomoa kulabu kwenye kitanzi, akashika uzi kwa vidole vya mkono wa kushoto, akavuta.

Nyumbani kwetu kufumua kulikuwa kazi ya watu wawili: mmoja anavuta, mwingine anakunja uzi kuwa donge. Tulikuwa tumefanya hivyo kwa sweta zisizo na idadi, mama akivuta, mimi nikikunja, tukizungumza habari za majirani. Mikono yangu ilianza yenyewe. Mzunguko wangu ulitoka mara moja. Kisha uzi ukaanza kuja kutoka upande wake, umejikunjakunja, na ukitoka ulitoa mlio mdogo, tik tik tik, kama mvua inapoanza kwenye mabati. Nikapunguza mwendo. Uzi ukajaa mapajani mwake.

"Kunja," alisema.

Nikakunja. Masikio yakaenda. Paji la uso likaenda. Hakuacha kuvuta, na hakutazama donge wala mimi. Alitazama mlangoni, ambako hapakuwa na mtu. Kofia ikawa kikombe, kisha sahani, kisha kitu cha kutosha kiganjani. Halafu ikakwama.

Alivuta tena, uzi ukakaza. Kilikuwa kile kiuvimbe. Alikuwa amekishona kwa sindano na kukifunga kama kawaida yake, na kukifungua kulihitaji mkono wa pili wa kushikilia. Alikibana kwenye goti, kikateleza. Alikitia menoni akavuta, kikakataa, akabaki amekishika hivyo mdomoni kidogo, mama yangu, kabla ya kukitoa.

"Nipe mkasi."

Mkasi ulikuwa ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda alichokalia. "Uko kwa jirani," nilisema.

Mdogo wangu hakuinua kichwa kutoka kwenye sanduku. "Ee. Mama wa mlango wa pili aliuchukua jana. Anapunguza pazia."

Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi. Mkebe ulikuwa umejitokeza nusu kutoka chini ya kitanda, karibu na mguu wake, na nadhani aliweza kuuona. Akanirushia kile kipande. Kilikuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi, na uzi mrefu ukining'inia.

"Basi anzia hapo," alisema. Akalala, akageukia ukutani.

Nilianzia hapo. Sikufumua hata mshono mmoja. Sijui ilitoka wapi nguvu ya kutofumua. Kofia ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kufuma, sawasawa kuanzia paji mpaka shingoni. Ungelazimika kuigeuza na kuinamisha kwenye mwanga ili uone kwamba pale juu, kwenye mviringo mdogo, mishono imelala upande mwingine. Mama hakuigeuza. Aligusa utosi kwa kidole gumba, akasema itamkaa. Mdogo wangu aliivaa mpaka stesheni ya basi katika jua lile, jasho likimtiririka, akitutania kwamba tayari anasikia baridi ya Kinangop.

Likizo ilipofika alirudi kichwa wazi. Mama alimtazama nywele, hakuuliza iko wapi.

"Ilikuwa inakukaa?"

"Ilinikaa, Mama."

"Na upepo?"

"Haukuingia."

Baadaye tulipokuwa tunachota maji aliniambia kwamba iliibiwa kambani alipoianika, mwanzoni kabisa, kabla hajaizoea. Alikuwa amewauliza wasichana wote wa bweni. Alilia kidogo akifungua mfereji, halafu akaniambia nisimwambie mama. Sikumwambia. Nadhani mama anajua, jinsi alivyojua kuhusu mkasi.

Sasa kiti ni changu. Watu wa kanisa huniletea uzi, nami nawafumia kofia na skafu, na wanasema kazi yangu ni safi kuliko ya mama, wanalisema mbele yake, naye anaitikia kwa kichwa. Anakaa kitandani na mkono wake mapajani. Hajashika kulabu tena hata kwa kushoto; nilimwekea moja mkononi siku fulani, akaitazama, akanirudishia.

Kuna jambo moja ambalo sijaweza. Kila ninapoanza kofia nashika sindano nashona lile tundu kama alivyokuwa akishona, nakaza, nafunga, nangojea kile kiuvimbe kitokee. Hakitokei. Utosi wangu unalala bapa, laini, bila dosari. Labda ni nguvu ya kukaza, labda ni upande wa mkono. Nimejaribu yote ninayoyajua. Sithubutu kumwuliza, kwa sababu atasema "Tazama," na hakuna cha kutazama.

Leo asubuhi nimejaribu tena. Utosi umelala bapa. Nikachukua ncha ya uzi nikavuta, na mama akaniuliza kutoka kitandani nafumua nini tena. Nikamwambia hakuna kitu.