Mkasi wa Dorothea Kistler

Dorothea Kistler alikuwa mshonaji, mjane, na jirani yangu ukuta kwa ukuta hapa Pennsylvania. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, na mkasi wake ulikata hata koti zito la baridi. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Emory, na Emory alicheza mpira chuoni.

Mpira wetu, jamani, ni ule wa kuukumbatia na kujitosa katikati ya watu. Siku zile aliyevaa kofia ya kujikinga alizomewa. Vijana walifuga nywele tangu kiangazi mpaka zikawa nene kama mto wa kulalia, hiyo ndiyo kinga yao. Asiye na nywele hapangwi, kila mtu mjini alilijua hilo. Mechi ya mwisho, ile ya Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya mwisho ya Novemba, ikiisha, timu nzima ilikwenda kunyolewa jikoni kwa Dorothea, huku wakila mkate wa tufaha na kutaniana.

Msimu wa 1904 ulikuwa balaa tupu. Walifungwa kila walikokwenda. Mmoja alivunjika mguu, mwingine bega, wengine wakachukuliwa na baba zao. Emory alipigwa goti la kichwa mwezi wa kumi. Tangu hapo akawa anatapika asubuhi, na mimi akiniita kwa jina la shangazi yake aliyekwisha kufa.

"Hutacheza tena," mama yake akamwambia.

"Mama, wewe shona. Mpira niachie mwenyewe."

"Nitakushona huo mdomo!"

Akamfuata nahodha, Rudd Hollister, maana nahodha ndiye aliyepanga wachezaji. Rudd akavua kofia kwa adabu. "Mama, mwenyewe anasema mzima. Nimzuieje?"

Asubuhi ya mechi ya mwisho Emory alisinzia mezani, kichwa kando ya sahani ya viazi. Dorothea akanigongea ukutani. Nilipoingia, alikuwa keshamnyoa upande mmoja.

"Funga mlango," akaninong'oneza. "Kipara hivi Rudd hampangi. Mwanangu ataninunia mpaka Krismasi, basi."

Emory aliamka akajipapasa. "Mama! Umenifanya nini? Watanicheka!"

"Wacheke. Kicheko hakiui."

Akachukua kofia yake, akatoka akiubamiza mlango.

Tulikwenda uwanjani wote wawili. Emory alikuwa benchi, amejifunika blanketi, na wenzake wanamtania: "Oneni kuku kanyonyolewa!" Dorothea akanibana mkono kwa furaha. "Mwone, kakaa. Kakaa mwanangu!" Sikuwa nimemwona akicheka tangu msimu uanze.

Kipindi cha pili mchezaji mmoja akatolewa akiwa amevunjika mtulinga. Sheria za wakati ule, ukitoka hurudi. Rudd akageuka kutazama benchi, na benchi hakuna mtu ila Emory. Akamwita kwa kidole. Emory akatupa blanketi, akakimbia.

"Hana nywele!" Dorothea akapiga yowe. "Rudd! Hana nywele!"

Watu waliotuzunguka wakaangua kicheko, wakidhani mama wa watu anatania. Mpira ukaanzishwa, wakarundikana, na walipoinuka mmoja akabaki chini. Kichwa chake cheupe kilionekana toka mbali, pale matopeni. Emory alikufa siku mbili baadaye, Jumamosi, bila kufumbua macho.

Baada ya mazishi Rudd alikuja jikoni peke yake, nywele zimemfika mabegani. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea Dorothea supu ambayo hakuigusa. Rudd akasimama mlangoni, hathubutu kukaa.

"Ulimwona hana nywele?" Dorothea akamuuliza.

"Nilimwona, Mama."

"Na ukamwita."

"Tulibaki kumi, Mama."

Nilitamani kumzaba kofi, nakwambia kweli. Dorothea yeye alimvutia kiti. Rudd akakaa, akalia kama mtoto, kamasi zinamtiririka. Dorothea akashika mkasi, akazikusanya zile nywele kwa mkono wa kushoto, akatulia hivyo muda mrefu mpaka nikaingiwa na hofu. Kisha akaziachia.

"Nenda nazo," akasema. "Inuka, Rudd. Nenda nazo kwenu."

Aliendelea kushona miaka mingi, maana tumbo halingoji. Ila mkasi hakuushika tena. Kitambaa kikitaka kukatwa, alinigongea ukutani, nami nikaenda kumkatia.