Mjumbe Aliyekosa wa Kumnyamazisha

Jamani, hili nalisimulia nimeinamisha uso, maana mpaka leo nikipita kijiji cha Bugwema navutaga kofia machoni. Nafanya kazi maabara Musoma, na siku hiyo nilitumwa kuwaeleza akina mama wa huko kanisani kwao kwa nini tunaomba damu yao kwa utafiti wa kansa ya titi (wakikataa, kazi yetu yote inalala). Karatasi ya maelezo nilikuwa nayo, lakini upepo wa ziwani ulikuwa unaingia dirishani taratibu, akili ikaanza kuelea, nikaona karatasi ya nini, ngoja niseme navyoonaga mwenyewe kichwani.

Nikafumba macho kidogo, nikawaambia seli ni kama kijiji, jeni zinakaa ofisini, mjumbe anatoka na maagizo, jengeni hiki, ongezeni kile, na kuna molekuli ndogondogo zinaitwa RNA, hazitengenezi chochote, kazi yao ni kumshika mjumbe na kumwambia nyamaza, imetosha, ndiyo maana seli inakua ikijua pa kuishia. Zikipungua, mjumbe anaropoka kutwa, seli zinaongezeka ovyo, na hiyo ndiyo kansa.

Kicheko kikaanzia benchi la nyuma. Nikajua nimewagusa, nikazidisha, "Mjumbe akikosa wa kumziba mdomo, anaua kijiji kizima." Kufumbua macho, naona Mzee Mafuru, mjumbe wao wa nyumba kumi (na maneno anayo kweli), amekaa mbele yangu, na kidole changu kimemwelekea yeye.

Akasimama, akatoka. Akina mama wakaacha kucheka, wakaanza kutoka mmoja mmoja, maana nani atatoa damu na mjumbe amenuna? Nilitamani ardhi inimeze. Nikamfuata nje.

"Baba, nisamehe, sikukusema wewe."

Hakugeuka. "Mke wangu alikufa kwa kansa hiyo ya titi," akasema polepole. "Miaka yote tunalaumiana hapa nani kamroga. Kumbe ni huyo mjumbe tu, alikosa wa kumnyamazisha?"

"Inawezekana ni hivyo, baba."

Nikaona aibu nyingine, nzito kuliko ile ya kwanza: nilichekesha watu kwa kilichomuua mkewe.

"Basi urudi Jumapili uwaambie wote hivyo hivyo," akasema. "Ila huyo wa kwenye seli mtafutie cheo kingine."

Nilirudi mjini na boksi la barafu la kubebea damu, halina hata tone, na nimeapa: sifungui tena mdomo kwa watu kabla sijauliza nani ni nani.