Mkono wa Bairbre

Ukimtaka Bairbre siku ya kazi, nenda kiwanda cha kaa pale gatini kwetu Konamara, pwani ya magharibi ya Ayalandi, ufuate kelele. Anapasua magamba huku anaimba kwa sauti ya kushinda mashine, na msimamizi alishachoka kumnyamazisha. Vidole vyake vimejaa plasta.

Mimi ni Máirtín, mpiga ngoma wake, na sioni haya kusema kwamba pwani hii yote haina bendi kama Mwani Mbichi. Tuko wanne: fidla, kodiani, mimi, na Bairbre mwenye gitaa la umeme. Tunachukua nyimbo ambazo wazee waliziimba jikoni, tunazitia moto. Wanaosema tunaziharibu waende zao wakasikilize redio.

Wimbo mmoja Bairbre aliutamani kuliko yote. Ulitungwa na mama yake babu yake, akimlilia mwanawe Peadar aliyekwenda Uingereza kuchimba mitaro, asirudi. Babu mwenyewe, mzee Beairtle, mdogo wake Peadar, ndiye pekee aliyeuimba baada ya mama huyo, na alikuwa ameuacha miaka mingi. Bairbre alitaka tufunge nao onyesho letu la Siku ya Mashua, sikukuu ya gatini ya kila mwaka. Lakini alishaapa kwamba babu asiporidhia, hatauimba maisha yake yote.

Basi mzee akaja bandani tukifanya mazoezi, akaketi juu ya gunia, kofia imemfika machoni. Tukaupiga. Nilizitwanga ngoma zile mpaka vumbi likashuka darini. Tulipomaliza akanigeukia.

"We Máirtín, hivi unapiga ngoma au unapiga mwizi?"

Tulicheka hadi machozi. Bairbre hakucheka.

"Babu, niambie. Niuimbe au niuache?"

"Sauti unayo. Na kelele hazinisumbui, nimeishi na bibi yako."

"Sasa shida nini?"

"Mkono wako umeshika nini?"

"Gitaa."

"Haya basi." Akainuka, akaenda zake.

Kwetu anayeimba nyimbo za kale haachwi peke yake. Mtu humshika mkono, akauzungusha polepole kama anayekoroga uji, mpaka wimbo uishe. Hilo nalijua tangu utotoni, lakini siku ile lilinikera vibaya.

"Huyu mzee anatuchezea! Akishikwa mkono, gitaa apige nani?"

"Funga domo, Máirtín," akasema Bairbre. "Hatuuimbi."

Siku ya Mashua ikafika, na jua nalo likatoka, ajabu ya mwaka. Jukwaa letu lilikuwa tela la lori pale gatini. Jamani, tulipiga! Watu waliruka mpaka viazi vya kukaanga vikamwagika na siki yake, akina mama wakacheza viatu mkononi, waya wa fidla ukakatika na hakuna aliyejali. Tulipomaliza, gati zima likapiga kelele: "Mmoja tena! Mmoja tena!"

Bairbre akavua gitaa, akaliegemeza kwenye spika. Akaniinamia sikioni.

"Usipige kitu. Sasa namwelewa babu."

Akafumba macho. Akaunyoosha mkono wa kulia mbele yake, mtupu, na plasta zake, akaanza ule wimbo wa Peadar kwa sauti tupu.

Ubeti wa kwanza ukapita, mkono uko vilevile hewani. Roho iliniuma. Walikuwepo watu mia ambao wangeweza kupanda wakaushika, ila wote walijua wimbo ni wa nani, na hakuna aliyethubutu kumtangulia mzee. Vichwa vikageukia ukuta wa nyumba ya kuhifadhia barafu ya samaki, alikosimama Beairtle. Hakutikisika. Bairbre akaingia ubeti wa pili.

Ndipo nikasikia sauti kwenye ngazi za tela: "Nisukumeni basi, mnashangaa nini?"

Wakamsukuma. Akaja akihema, akaushika mkono wa mjukuu wake.

"Imba, mama," akamwambia, na kipaza sauti kikatangaza kwa gati zima.

Akaanza kuzungusha, taratibu. Sauti ya Bairbre ikapanda, ikawa kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia. Walipofika pale Peadar anapopanda meli, mkono wa mzee ukaongeza mwendo. Mimi simfuati mtu kwenye ngoma, muulize yeyote, lakini ule mkono niliukodolea macho. Nikagusa ngoma kubwa kwa mguu, pigo moja kwa kila mzunguko. Akazidisha. Nikazidisha. Akaniangalia chini ya kofia.

"Unangoja nini, we Máirtín? Piga mwizi!"

Nikampiga mwizi! Kodiani ikaruka ndani, fidla ikafuata na nyaya zake tatu, na watu wote wakawa wanalipaza jina la Peadar, ambalo kwa miaka lilikuwa likinong'onwa tu. Mimi nilikuwa nalia huku napiga, na sijali nani alinicheka.

Wimbo ukaisha. Mzee hakuacha kuzungusha. Bairbre akautazama mkono wake ndani ya ule wa babu, akavuta pumzi, akauanza tena tangu mwanzo.